Gorazd Hana Watu

"Thuc, mwanangu, nenda kavue hilo gauni. Hao watu hawaji."

Shangazi Que alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni, anautazama uchochoro mtupu. Nyuma yake meza zimetandikwa vitambaa vyekundu, chai imeshapoa, na wasichana saba wamekaa wakisubiri kupokea masinia ya posa yangu.

"Watakuja, shangazi."

"Nani atakuja? Nitajie jina moja tu. Wazazi wake walishakufa. Kaka yake kabaki huko kwao Slovenia, mguu umefungwa plasta. Huyo Mzungu wako atabeba masinia saba peke yake? Mengine ataweka kichwani?"

Wasichana wakacheka. Baba hakucheka. Mzee Khoat, baba yangu, aliendesha treni mpaka alipostaafu, na kwake saa ni saa. Mtazamia nyota alisema posa ipokelewe kabla ya saa tano, basi yeye macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

"Ikigonga saa tano nafunga lango," alisema. "Na asiseme mtu kwamba nimemkataa kwa rangi yake. Nilimwomba kitu kimoja: alete watu. Mtu asiye na watu, mkigombana naye utakwenda kumshtaki kwa nani?"

Nilikuwa nimeshika simu, nasoma tena ujumbe wa jana yake.

Mimi ndiye nilianza: "Kodi wazazi. Hapa Hanoi wapo wengi wa siku moja. Wanavaa vizuri na kulia wanajua."

Gorazd akajibu: "Baba yako anipe binti yake kwa ajili ya watu ambao hata majina yao siyajui? Hapana, Thuc. Nitakuja mwenyewe. Akifukuza, anifukuze mimi."

Nilikasirika naye usiku kucha. Lakini ndani ya hasira ile, sitaficha, nilijivuna. Huyo ndiye mwanamume niliyempenda: fundi wa lifti, mrefu mpaka anainama kupita chini ya kamba za nguo za majirani, anayekunywa chai kwenye kigoda cha plastiki magoti yakigusa kidevu.

Simu ikaita.

"Uko wapi?" niliuliza.

"Mwanzo wa uchochoro wenu."

"Na nani?"

Nikasikia sauti ya mwanamke ikifoka nyuma yake: "Wee Thinh! Shika vizuri, utamwaga popoo zote!"

"Thuc, sijui nikuelezeje," Gorazd alisema. "Nilitoka chumbani na sinia moja. Nikawakuta mlangoni, wamevaa, wananisubiri."

Nikakimbilia langoni.

Mbele alikuwa Bi Nhan, mwenye nyumba wake, katika gauni la mahameli ya zambarau, ameshika kisanduku cha tambuu kama malkia. Akafuata Gorazd na suti yake ya buluu. Nyuma yao watu wa uchochoro wake: muuza chai ya barafu, mama wa supu ya tambi, fundi pikipiki. Na masinia saba yamefunikwa vitambaa vyekundu, yamebebwa na wazee.

"Hawa ndio wabebaji?" Shangazi Que aliguna. "Mila inataka vijana ambao hawajaoa!"

"Dada, mimi sijaoa," alisema Mzee Thinh, kinyozi, jasho likimtiririka. "Nina miaka sitini na moja na bado nasubiri. Huyu nyuma yangu ndiyo kwanza kaachwa, tumemhesabu nusu. Na wewe je, una mtu?"

Uchochoro mzima ulicheka. Shangazi akaweka sawa kola yake, akaangalia pembeni.

Baba akashuka ngazi. "Mama, wewe ni nani wake?"

"Mama yake," Bi Nhan alijibu.

"Mama wa kukodi? Nasikia siku hizi wapo."

"Mimi ndiye niliyemkodisha yeye chumba, mzee, na sijawahi kumpunguzia hata senti! Lakini mume wangu alipofariki mwaka jana sikuwa na mtoto wa kiume. Wapangaji wengine walitoa rambirambi wakaenda kazini. Huyu nilimkuta sebuleni ameinama, anamwomba Thinh amfunge kichwani kitambaa cheupe cha mwana aliyefiwa. Akashika fimbo ya mwana, akatembea nyuma ya jeneza mpaka makaburini. Tangu hapo kila mwezi mpevu yeye ndiye anayewasha ubani mbele ya picha ya mzee. Sasa niambie, nani hana watu?"

Baba alimgeukia Gorazd. "Ulijua maana ya kile kitambaa?"

"Nilijua, mzee. Mama aliniuliza mara mbili kabla sijafungwa."

Niliona uso wa baba ukilainika. Nikaanza kupumua. Ndipo Shangazi Que aliponyoosha kidole.

"Ngojeni! Amekufa mwaka jana, mwezi gani?"

"Wa nane," alisema Bi Nhan.

"Basi muda haujatimia, msiba haujaondolewa! Kaka, unasikia? Mtoto anayemlilia baba haposi wala haoi mpaka nyeupe ya msiba ivuliwe. Kama huyu ni mwana wao, leo hawezi kuposa. Kama anaweza kuposa, basi si mwana wao, na hana watu. Achague!"

Hakuna aliyecheka tena. Bi Nhan alishika mdomo. Katika furaha ya kumwoza mwana, yeye mwenyewe mjane alikuwa amesahau.

"Mwanangu," alimnong'oneza Gorazd, lakini sote tulisikia. "Sema wewe ni mpangaji tu. Ni neno la mdomoni. Sitakasirika."

"Sema basi," Shangazi alidakia. "Saa tano inakaribia."

Gorazd alinitazama. Nilijua anachoniuliza, na nilijua gharama yake. Neno moja tu, na mimi ningekuwa mchumba wake kabla ya chakula cha mchana. Nikainua kichwa juu, nikakitikisa: hapana.

"Mzee Khoat," alisema, "shangazi ana haki. Mimi ni mwana wa Bi Nhan, na nimekuja mapema. Nisamehe. Masinia tutarudi nayo. Msiba ukiisha nitakuja tena, kama Thuc atakubali kunisubiri."

"Nitakusubiri," nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Saa ya ukutani ikagonga.

Baba akaenda langoni. Lango letu lina mbao mbili. Ubao wa kushoto haufunguliwi ila kwa wakwe na kwa jeneza. Wote tulidhani anafunga. Akavuta komeo lililoshika kutu, akausukuma ule wa kushoto mpaka ukagonga ukuta.

"Masinia yarudi, mila ni mila," alisema. "Lakini watu hawarudi na njaa. Wakwe zangu, karibuni ndani."

"Kaka!" Shangazi alimaka.

"Que, nilimwomba alete watu. Kaleta uchochoro mzima. Na nimeona kwamba hawezi kumkana mama yake hata kwa binti yangu. Mtu wa namna hiyo hatamkana binti yangu. Pasha chai."

Mzee Thinh akatua sinia lake. "Dada, ngoja nikusaidie birika."

"Niondokee!" alisema Shangazi. Lakini birika alimpa.

Nyeupe ilipovuliwa walirudi, watu walewale, Bi Nhan na gauni lilelile, na Mzee Thinh bado hajaoa. Nikaolewa. Tukaishi chumba cha juu cha Bi Nhan, na kila Krismasi Gorazd alioka mkate wa kwao wa njugu, uchochoro wote ukausema kuwa ni mtamu mno, na wote wakamaliza.

Moyo wa Gorazd ulisimama masika haya. Mwanetu alifungwa kitambaa cheupe na Mzee Thinh, kwa mikono ileile. Bi Nhan hakuruhusiwa kufuata jeneza, kwa kuwa mzazi hamsindikizi mwana. Alibaki kwenye kigoda chake cha plastiki, akaomba kiatu kimoja cha Gorazd akikumbatie. Tulipopita mbele ya nyumba yetu ya zamani, baba alikuwa amesimama langoni na fimbo yake, amefungua mbao zote mbili.

Watu walijaa mpaka barabara kuu. Dereva mmoja wa lori alikwama, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, kafa nani mkubwa namna hii?"

Shangazi Que aliweka mikono kiunoni.

"Mtoto wetu," alisema. "Zima injini usubiri. Watu wake bado wanapita."