Jibu la Esnah

Msimu wa mbolea mwaka 1999, duka la Ratilal mjini Kisii lilifurika watu mpaka mlangoni. Katikati ya msukumano alisimama msichana wa gauni la manjano, amenyanyua boksi la diski juu ya kichwa. Nyamongo alilidaka kabla halijaanguka.

"Asante! Wewe ndiye kijana wa kurasa za intaneti?"

"Ndimi. Na wewe?"

"Esnah, wa hifadhidata. Kwa hivyo utakuwa ukiniita kila saa."

"Hiyo kazi naipenda tayari," akasema Nyamongo, na moyo wake ulikuwa umeshakwenda.

Ratilal alitaka duka lake la Keroka lione stoo ya Kisii kwenye kompyuta. Esnah aliandika prosija, yaani hesabu inayokaa tayari ndani ya hifadhidata. Ukurasa wa Nyamongo uliiita kwa jina, nayo ikarudisha orodha ya bidhaa, kisha jumla. Walifanya kazi bega kwa bega, mvua ya alasiri ikipiga mabati, chai ikipoa, wakitaniana mpaka wakasahau kwamba kuna nyumbani.

Siku ya kumwonyesha Ratilal, orodha ilitokea, lakini penye jumla palikuwa patupu.

"Prosija ya Esnah haijibu," Nyamongo akaropoka.

"Nyamongo, ngoja kwanza orodha i—"

"Haijibu, mzee! Mimi nimeita vizuri."

Esnah alichukua mkoba wake, akarudi kwao Nyansiongo.

Chumba chao cha kazi kikawa kikubwa mno. Nyamongo alipitia kazi yake upya, akaona aibu: ukurasa wake ulidai jumla kabla ya kumaliza kusoma orodha. Akaurekebisha usome orodha yote, uifunge, ndipo uulize jumla. Jumla ikatokea. Alikiri kosa kwa Ratilal, kisha akapiga simu dukani kwa Nyangau, jirani wa kina Esnah, ili aitiwe msichana.

"Esnah mpenzi, prosija yako ilikuwa sawa. Kosa ni langu, nilikukatiza. Nataka kukuoa. Utanikubali?"

"Uliniaibisha mbele ya mzee. Nililia njia nzima, na hukunifuata."

Nyamongo alitaka kujitetea, lakini akamwacha aendelee.

"Mama anataka nichukue kazi kwa kiwanda cha chai. Huku kuna ukungu, hata ng'ombe wa baba siwaoni. Na kila nikipita hapa dukani nasikiliza simu, nikidhani ni wewe, na nimekukasirikia kweli kweli. Bado uko?"

"Niko. Maliza."

"Nimemaliza. Lete wazee wako Jumapili."