Senti Kumi za Luvenia

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya zamani ya mpunga nilipofika nyumbani kwa marehemu shangazi Ozella kupekua chupa zake za sarafu. Binamu yangu Earline alikwishafika. Alikuwa na bakuli la karanga za kuchemsha mbele yake na miwani mbili, moja machoni, moja kichwani.

"Umechelewa, Cleophus. Kidogo tu nirithi peke yangu."

Mahakama ya mirathi ilikuwa imetuletea fomu. Ilitaka vyote alivyoacha marehemu vipangwe katika mafungu matatu: vya thamani, visivyo na thamani, na vinginevyo. Chupa arobaini na tatu zilizojaa sarafu za senti kumi zilikuwa bado zinasubiri kuambiwa ni nini.

Earline alitaka madini ya fedha yote yaliyomo humo. Sarafu za kabla ya mwaka 1965 ni fedha halisi, na mnunuzi mjini hutoa dola mbili na ushei kwa kila moja. Mimi nilitaka moja tu. Nilitaka kumpa dada yangu Luvenia.

Luvenia alikufa mwaka 1968. Alikuwa na miaka mitano.

Kwetu, mtoto akianza kutembea hufungwa sarafu ya fedha kifundoni mwa mguu, imetobolewa na kutungwa kwenye uzi. Fedha humzuia yule pepo anayekaa mferejini. Ukirogwa hugeuka nyeusi, na wakubwa huona mapema. Sote tulivaa.

Nami nilikuwa na miaka minane mtu mmoja alipokuja kituo cha mafuta, ananunua sarafu za zamani ili aziyeyushe. Kwa moja ya zamani alitoa mbili mpya. Nilimfungua Luvenia yake akiwa usingizini, nikarudi na mbili. Moja nikaitoboa kwa msumari, nikamfunga. Ya pili nikanunulia barafu ya kusaga, ile inayomiminiwa sharubati ya rangi. Niliona nimepiga hesabu safi, hakuna aliyepungukiwa.

Wiki mbili baadaye, jioni kama hii, Luvenia aliinuka kibarazani akasema anaitwa. Hakuna mwingine aliyesikia. Tulimpata siku ya tatu, kwenye mfereji.

Sikumwambia mtu. Nilikua, wilaya ikaniajiri kukagua mizani ya wenye maduka, na kwa miaka thelathini na moja nikawatoza watu faini kwa kupunja wenzao. Walinipa na cheti cha uaminifu. Kina fremu.

Mwezi uliopita, kitandani hospitalini, shangazi alinishika mkono. Ndiye aliyetulea. "Bado anakuja, Cleo," alinong'ona. "Kila jioni. Anataka fedha yake." Alipoyasema hayo alikuwa anatazama ukuta. "Na ya dukani haifai. Lazima itoke kwa ndugu."

Basi tukaanza kumwaga chupa mezani. Fedha utaijua kwa ubavu, mweupe pande zote; hizi mpya zina mstari mwekundu wa shaba katikati. Au iangushe tu. Fedha hulia kama kengele. Mpya husema tak.

Tak. Tak. Tak.

Chupa ya tano. Ya kumi. Ya ishirini.

"Hata moja?" Earline alivua miwani, akavaa ile nyingine. "Mwanamke kazaliwa 1926, hana hata moja? Huyu alikuwa anatuchezea."

"Labda alizitumia."

"Ozella? Yule aliyekuwa akifua karatasi za kufungia mkate?"

Ndipo alipogeuza kifuniko. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli: *1969. Haimo.* Akageuza kingine. *1974. Haimo.* Kingine. *1988. Haimo.*

"Haimo nini?" aliuliza Earline.

Nilijua ni nini. Shangazi ndiye aliyeuosha mwili. Aliuona ule uzi kifundoni, na ubavu mwekundu wa sarafu. Alijua kuwa mtu ameibadilisha, na nyumba ile haikuwa na watu wengi. Alidhani nimeitumia dukani, na pesa huzunguka, ipo siku itarudi. Kwa hiyo kila senti kumi iliyopita mikononi mwake aliitazama kama ina tundu. Miaka hamsini na sita. Nami nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ilikwishayeyushwa.

Neno langu moja lingempumzisha.

Chupa ya mwisho ilikuwa na kiberiti kilichofungwa kwa uzi. Ndani, sarafu saba za fedha. Halisi, za zamani. Zote nyeusi kama masizi. Na karatasi: *Nimempa hizi. Amezikataa.*

"Si hizi hapa," alisema Earline, akanyoosha mkono. Akaurudisha haraka. "Mbona baridi hivi?"

Nilikuwa nimesikia harufu. Matope... matope ya mferejini, na kitu kitamu kilichoanza kuoza.

Halafu kibarazani.

Hatua ya mguu mtupu. Kisha... tak.

Mguu mtupu. Tak.

Earline alinitazama. "Ni rakuni," alinong'ona. "Mnyama tu, amekuja kwa makombo."

Mguu mtupu. Tak.

"Rakuni gani anatembea kwa miguu miwili?"

"Mimi sikumhesabu miguu." Alichukua mkoba wake, akatazama karanga zake kwa majonzi, akaziacha. "Cleophus. Fomu hiyo jaza wewe. Andika vinginevyo." Mlango wa nyuma ukafungwa taratibu, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya sala. Nikasikia gari lake likiondoka.

Hatua zilisimama mlangoni. Kulikuwa na wavu tu wa mbu kati yetu, na giza la magharibi nyuma yake. Sikuona uso. Niliona chini, pale wavu unapogusa sakafu: vidole vitano vidogo, vimelowa.

Nilipiga magoti. Nilimwonyesha mikono yangu, mitupu.

"Veenie," nilinong'ona. "Haitapatikana. Shangazi hakuipoteza. Ni mimi. Nilikufungua umelala. Yule mtu aliiyeyusha siku ileile, na hiyo uliyovaa niliitoboa mimi kwa msumari."



Kisha nyuma yangu, jikoni, mezani, ambako hapakuwa na mtu... sauti ya sarafu zikigeuzwa. Moja. Moja. Moja. Polepole, kwa mkono uliozoea.

Zikaacha.

Kiti kilisogezwa nyuma. Ndala zilikokota sakafuni hadi chumbani kwa shangazi, na kitanda kikalia kama kinavyolia mtu mchovu anapojilaza. Baada ya hapo jikoni hapakusikika tena kitu.

Nilibaki nimepiga magoti. Nilidhani na huyu ataondoka sasa.

"Hela yake uliifanyia nini?" sauti iliuliza. Ndogo, ya kawaida kabisa. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka mitano.

"Nilinunua barafu ya kusaga."



"Ya rangi gani?"

Nilitafuta kichwani. Nakumbuka joto la siku ile, nakumbuka mafuta kwenye kucha za yule mnunuzi, nakumbuka niliila nyuma ya ghala peke yangu ili asiione, asije akaomba. Rangi sikuiona popote. Ningeweza kusema nyekundu. Watoto wote wanapenda nyekundu. Lakini nilikwishampa kitu cha uongo mara moja.

"Sikumbuki, Veenie."

Akawaza.

"Basi nitangoja," alisema. Akaketi kwenye ngazi.

Nyumba sikuiuza. Fomu sijarudisha, mahakama imeniandikia mara tatu, kwa adabu inayopungua. Earline hupiga simu, asubuhi tu. Nami jioni hutoka, huketi ngazi ya juu, yeye ya chini, na kila siku huniuliza swali lilelile.