Severa Atoa Miguu Kwenye Beseni

Inatangazwa kwa wakazi wote, kuanzia Kariakoo hadi Posta, kwamba Profesa Severa Aristides, bingwa wa uchumi jumla, yaani uchumi wa nchi nzima, anapokea wenye maswali ofisini kwake. Wageni wafike wakiwa nadhifu.

Tangazo hilo lilionekana asubuhi moja kwenye mlango wa duka la vyombo, Mtaa wa Sikukuu. Ofisi ya profesa ilikuwa stoo ya duka. Profesa mwenyewe alikuwa amekaa juu ya katoni ya sufuria, miguu yake imo ndani ya beseni la maji baridi.

Mambo ya beseni Severa aliyatoa shule ya bweni. Miguu ikiwa majini usingizi hauji, na asiyesinzia anakariri. Alikariri hivyo mpaka akapata shahada ya kwanza. Sasa alitaka shahada ya uzamili ya uchumi, na chuo kilidai kwanza afaulu mtihani wa uchumi jumla. Alikwisha kuufanya mara moja, akaanguka. Baba yake, Mzee Aristides, hakugomba. Alisema tu kwamba amepata fremu nyingine ya duka mtaa wa pili, na Severa akianguka tena, fremu hiyo ataiendesha yeye.

Severa hakuitaka fremu. Akazidisha kukariri madesa, zile kopi za maelezo ambazo wanafunzi hurithishana. Mdogo wake Vicky, msichana mpole na mtiifu aliyekuwa likizo, alimbadilishia maji.

Asubuhi hiyo Severa alikuwa amebishana na baba. Dola ilikuwa imepanda, na Mzee akapandisha bei ya chupa za chai zilizokuwa dukani muda mrefu. Severa alisema huo ni uonevu, kwa kuwa mzigo ni wa zamani.

"Rudi kwenye beseni, mama," Mzee alijibu. "Maji yanapata moto."

Baadaye kidogo Bi Shamsa alifika kununua chupa ya chai. Alikuwa mhadhiri wa uchumi, jirani wa ghorofa ya pili. Akasoma tangazo taratibu, akaomba kumwona profesa.

Severa alitoka miguu ikichuruzika. Alipoliona tangazo, alitamani kurudi stoo na kujifunika katoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi si profesa."

"Marahaba. Basi nijibu kama mwanafunzi. Watu wakitarajia bei zipande, nini hutokea?"

Hilo Severa alilijua. Alilimwaga bila kupumua: matarajio yakipanda, mchoro wa mfumuko wa bei na ukosefu wa ajira unahama wote kwenda juu.

"Kwa nini unahama?"

Severa alisema ukweli. "Kwenye desa umehama tu."

Bi Shamsa hakucheka. Alimgeukia Mzee, akamuuliza kwa nini chupa ya zamani ina bei mpya.

"Kwa sababu nikiimaliza lazima niagize nyingine," alisema Mzee. "Nikiuza kwa bei ya zamani, nitaagizia nini? Na jirani yangu naye anawaza hivyo hivyo."

Severa alitazama zile chupa. Gharama aliyolipa baba haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni anachokitarajia, na mtaa mzima ulitarajia vivyo hivyo. Kwa hiyo bei zilipanda bila hata mtu mmoja zaidi kupata ajira.

"Kumbe mchoro unahamishwa na watu," alisema polepole.

"Akili unayo," alisema Bi Shamsa. "Tatizo lako unaanza na mchoro. Anza na watu: nani anaamua, na anaangalia nini anapoamua? Mweleze mtu ambaye hajasoma uchumi mpaka aelewe. Hapo ndipo uchore, desa likiwa limefungwa. Kisha badilisha kitu kimoja, ubashiri matokeo kabla ya kuona jibu. Ukikosea, tafuta ulipokosea."

Tangu siku hiyo Severa alisoma miguu ikiwa mikavu. Aliyeelezwa kila siku ni Vicky, ambaye kwa uvumilivu wake wa kupigiwa mfano alikuwa akiuliza "kwa nini?" mpaka dada yake akaranda stoo nzima akitafuta jibu. Mara nyingi alilipata. Asipolipata, alipanda ghorofani kwa Bi Shamsa.

Mtihani ulikuja na swali ambalo halikuwemo kwenye desa lolote: serikali ikitangaza kwamba bei zitatulia, na wafanyabiashara wasiamini, itakuwaje? Akilini Severa alimwona baba yake kaunta, akisikiliza tangazo hilo redioni huku akibandika bei mpya. Akaandika kwamba wasioamini wataendelea kupandisha, na kuzituliza bei kutagharimu ajira za watu; wakiamini, gharama itakuwa ndogo. Ndipo akachora.

Alifaulu. Fremu ilichukuliwa na binamu yao Jovin. Beseni lilikaushwa, likarudishwa rafuni na kuuzwa kama jipya.

Siku ya kusherehekea, Mzee Aristides alilitoa lile tangazo mfukoni, akauliza ni nani aliyeliandika. Severa akasema mwandiko anaufahamu. Wote wakamtazama yule msichana mpole na mtiifu.

Basi nakiri. Niliandika mimi, Vicky. Na hizo sifa nilizompa Vicky humu ndani, nazo nimejipa mwenyewe.