Kibao cha Shaba cha Babu Braso

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni shangazi mkubwa, mwaka mmoja baada ya sanamu kung'olewa, akiwa kwenye cherehani yake na pini mdomoni. Aliirudia mara nyingi baadaye, na hakuna alilolipunguza. Aliyeongeza ni mjomba, na nyongeza zake zimeachwa nje.

Ilianza na uji. Asubuhi hiyo bibi, mama yake shangazi, alionja kijiko kimoja akatema uani.

"Mzee," alimwita mumewe, "uji huu umeukoroga kwa kile kitambaa chako?"

"Sijagusa sufuria mimi."

"Basi mbona unanuka braso?"

Mumewe aliitwa Babu Braso na mtaa mzima, tangu zamani, kabla hajapata mjukuu hata mmoja. Kazi yake ya maisha ilikuwa kung'arisha sanamu iliyosimama katikati ya mzunguko mkubwa wa barabara. Kila asubuhi alipanda ngazi na kopo lake la braso, ile dawa ya kung'arishia shaba, akafuta mavi ya ndege kwenye kofia, kwenye mabega na juu ya pua, kisha akashuka, akasimama wima na kupiga saluti. Saluti hiyo iliagizwa na wakuu wa zamani. Wakuu wenyewe walikwisha kupanda meli wakaenda zao, lakini hakuna aliyemwambia aache, naye hakuuliza.

Huyo wa shaba alikuwa ofisa wa utawala wa kigeni. Sifa yake ilikuwa barabara, aliyoijenga kwa migongo ya watu waliofungwa kamba. Aliyeanguka na jiwe lake alifukiwa palepale, kifusi kikamwagwa juu, kazi ikaendelea. Kwa ushujaa huo akapewa sanamu, akapewa mzunguko, akapewa hata barabara yenyewe. Jina lake halitaandikwa hapa. Limekaa juani vya kutosha.

Baraza la mji lilipochoka naye lilileta winchi. Wapo waliosikitika, wakasema historia inafutwa, kana kwamba waliolala chini ya lami hawakuwa historia. Alipolazwa kwenye lori ilionekana ndani ni mtupu kama debe, na panya walikuwa wamezalia kwenye goti lake la kushoto.

Babu Braso aliomba kitu kimoja tu, kile kibao cha shaba chenye jina. Alikileta nyumbani ndani ya shati, akakipigilia juu ya mlango wa mbele, upande wa ndani.

"Hicho nini?" bibi aliuliza.

"Shaba nzuri tu. Si ya kutupa."

"Jina hilo silitaki hata kwenye banda la kuku."

"Ni pambo, mke wangu."

"Pambo. Leo umempa mlango, kesho utamtandikia kitanda."

Wiki hiyohiyo mkwe wao alikuwa amejifungua mtoto wa kiume katika chumba cha nyuma. Kwa desturi ya nyumba ile, mtoto wa kwanza hupewa jina na babu mzaa baba, na kabla hajapewa huitwa mgeni. Bibi alimhimiza mumewe atoe jina. Mzee alisema anafikiri. Kila siku alifikiri akiwa juu ya kigoda, anasugua kibao.

Baada ya uji, braso ilinuka kwenye maji ya kuoga, kisha kwenye nguo za mtoto zilizoanuliwa sasa hivi kutoka juani, kisha kwenye utosi wa mtoto mwenyewe. Halafu zikaja hatua. Hazikuja usiku. Zilikuja adhuhuri, saa ambayo hata kivuli cha mtu humkimbilia miguuni.

Shangazi, wakati huo msichana wa kushona magauni ya watu, alikuwa peke yake sebuleni. Alisikia buti zikiingia mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa. Aliondoa mguu kwenye cherehani ili asikilize vizuri, na cherehani ikaendelea kushona yenyewe, sindano ikipanda na kushuka juu ya kitambaa kisichosogea, huku buti zikipita nyuma ya kiti chake bila haraka, na fimbo ikigonga kila mlango mara moja kama mtu anayekagua stoo yake, mlango wa jikoni, mlango wa wazee, mpaka zikafika chumba cha nyuma alikolala mzazi na mwanawe, zikasimama pale, na sauti kavu, iliyotoka juu zaidi ya kimo cha mtu yeyote, ikasema, "Wewe. Simama."

Shangazi aliiona miguu yake ikisimama, naye hakuwa ameituma.

Jini hilo halikujua kusalimu wala kuomba. Lilijua Kiswahili cha amri peke yake, kile wanachojifunza watu waliokuja kuchukua. Lete. Beba. Nyamaza. Siku ile lilisema neno jingine moja, likiwa limeinama kwenye kitanda cha mzazi.

"Jina."

Tangu hapo mtoto aliacha kulia. Alipoa miguu, kisha magoti. Mwanawe Babu Braso, fundi pancha, baba wa mtoto, alifunga karakana yake akaja kukaa mlangoni na mikono yake yenye gundi, hajui aiweke wapi. Bibi alisema yatosha, kama mzee hatoi jina atalitoa yeye. Akalitamka. Midomo ya mtoto ikawa rangi ya majivu, pumzi ikakatika. Fundi pancha akajaribu jina jingine kwa haraka. Kifua hakikuinuka.

Ndipo Babu Braso alipoinama sikioni pa mtoto akanong'ona jina lililoandikwa kwenye kibao.

Mtoto alivuta pumzi. Alishika ziwa akanyonya kwa nguvu, damu ikamrudi usoni. Aliposhiba akainua kidevu, shingo ambayo jana ilikuwa haijakaza, akawatazama wote mmoja mmoja kama mtu anayetazama tope kwenye kiatu chake.

"Mnaona?" Babu Braso alisema kwa sauti ya chini. "Ni jina tu. Likiwa lake, atapona."

"Baba," mzazi alijibu, na ilibidi wamsogelee ili wamsikie, "babu yangu mzaa mama yuko chini ya ile barabara. Malori yanampita kifuani kila siku. Mwanangu hataitwa kwa jina la aliyemweka pale."

"Bora jina baya kuliko jeneza zuri, mwanangu."

Jina lilipokataliwa hivyo, mtoto alianza kupoa tena.

Fundi pancha akaenda kumleta mganga, mwanamke mmoja mzee aliyeuza mkaa na kutibu watu kwenye banda hilohilo. Aliingia na vumbi lake jeusi hadi kwenye nyusi, akanusa, akatazama juu ya mlango, akacheka.

"Hili ndilo linalowatoa jasho?"

"Tulete ubani?" fundi pancha aliuliza.

"Ubani wa nini? Ubani ni heshima, na heshima ndiyo iliyolinenepesha." Alikaa bila kukaribishwa. "Majini yenye ukoo wake hukaa mahali pake. Hili ni la kudandia. Liliona shaba inasuguliwa na kupigiwa saluti, likaingia ndani, likajiona bwana. Sasa limekosa pa kusimama, linataka sanamu inayotembea. Nani alikuwa analipigia saluti?"

Wote walitazama sehemu moja.

"Basi wewe ndiye uliyelilea, wewe ndiye utakayelinyima. Adhuhuri litakuja. Litakuamrisha. Usisimame."

"Hilo tu?" bibi alisema.

Mganga alimkagua Babu Braso kuanzia kandambili hadi mvi. "Kwa huyu, hilo ni mlima."

Siku iliyofuata walikaa wote chumba cha nyuma, mganga akiwemo, mtoto akiwa mikononi mwa mama yake, baridi kama kitambaa kilicholowa. Jua lilipofika utosini, mlango wa mbele haukufunguka, na buti zikaingia.

"Simama."

Babu Braso alisimama. Alisimama kabla neno halijaisha, visigino pamoja, mkono kwenye paji la uso. Fundi pancha alifunika macho kwa aibu.

"Lete."

Alimchukua mtoto. Mzazi alishika shuka, akashika mkono wa mkwewe, akashika hewa, lakini vidole vyake havikuweza kufumba, na yule mzee akatembea na mjukuu wake kuelekea mlangoni, ambako harufu ya braso ilikuwa nzito hadi macho yanatoka machozi, na ambako hapakuwa na mtu, ila mwanga wa sebuleni ulikuwa umezibwa na kitu kirefu chenye mabega, na kitu hicho kilikuwa kinajikunja taratibu ili kitoshe mahali padogo.

"Mpe," bibi alisema. Hakupaza sauti. "Mpe, mume wangu. Kisha uchukue kitambaa umfute na yeye kila asubuhi, akunyee, umfute tena. Si ndiyo kazi unayoijua?"

Babu Braso alimtazama mtoto. Kidevu kile kilikuwa kimeanza kuinuka.

Akakaa. Hakuchagua pa kukaa, alitua sakafuni kama gunia, mjukuu mapajani.

"Simama."

"Nimechoka," alisema. Miguu yake ilikuwa inarukaruka yenyewe kutaka kusimama, naye akaikalia.

"Simama."

"Sitaki." Shangazi anasema lilikuwa neno geni mdomoni mwake, alilitoa kama anatoa mwiba wa samaki. "Kila asubuhi nimekufuta mavi puani. Hata siku moja hukuuliza anayekufuta ni nani. Toka mlangoni, unamzibia mtoto hewa."

"Jina."

"Ndiyo, jina." Akainama sikioni pa mtoto akamwita kwa jina la babu wa mzazi, yule mbeba mawe aliyefukiwa barabarani.

Midomo ya mtoto ikawa ya majivu. Walingoja. Hakuna aliyethubutu kutaja jina jingine. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia, kilio kibaya cha mtoto mwenye njaa, na kile kirefu kikayumba, kikawa kifupi, kikarudi nyuma kuelekea mbele ya nyumba, kikiamrisha viti, kikiamrisha ukuta, hadi kibao kilipoanguka sakafuni.

Mganga alikiokota kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya mkia, akatoka nacho uani, akakitupa katika shimo la choo.

"Akae huko," alisema, akipangusa mikono, "aamrishe funza."

Babu Braso alikaa palepale hadi jioni, mtoto akiwa amemlalia. Bibi alimletea chakula huko sakafuni. Hakumsifu.

Mganga amekwisha kufa, na bibi pia, na Babu Braso aliwafuata. Fundi pancha alifariki mwaka juzi. Walio hai ni shangazi mkubwa, ambaye macho yake hayaoni tena tundu la sindano, na mzazi, na mtoto yule, ambaye ana watoto wake na bado anaitwa jina lile. Huyo wa chooni hakuwa wa familia, kwa hiyo hahesabiwi. Kama yu hai, hakuna aliyechungulia.