Taa ya Chumba cha Saba

Ujumbe uliingia Wegesa akikata kona ya soko la Tarime.

"Ndama bado yuko zizini. Mpokeaji amevuka mpaka wa Sirari."

Akaufuta. Akaongeza mwendo.

Ndama ni diski iliyoibwa kwenye kambi ya askari wa wanyamapori karibu na Natta. Ndani yake mna mahali anapolala kila faru, na njia za doria inayowalinda. Zizi ni duka la kamera za ulinzi pale Bomani. Mwenye zizi, Method, ni mume wa dada yake.

Na katika doria hiyo yumo Magige, mdogo wake Wegesa, tumbo moja. Muda huu yuko porini. Porini humo humo wamelala watu wenye bunduki, wakingoja simu moja ya kuwaambia waende wapi.

Wegesa Machage, kachero wa Idara, aliificha bastola yake ya Glock vizuri chini ya koti, akaingia dukani na uso wa mtu aliyefuata chai.

"Shemeji. Dar wamekuchoka?" Method alimkaribisha.

"Wamenichoka. Dada Rose anasema mitambo inakusumbua."

"Kamera ya mchinjaji inaganda. Ng'ombe anaanguka leo, picha inamwonyesha kesho."

Wakacheka.

Chumba cha nyuma, kabati la diski lilivuma kama mzinga. Diski zimejipanga kila moja kwenye chumba chake, zote nyeusi, zote zimebanduliwa lebo. Ng'ombe wa wizi aliyechanganywa na kundi.

"Kila diski na mteja wake," Method alijigamba. "Ya kumi na mbili ndiyo inanitazama mimi mwenyewe humu ndani."

"Na ya saba? Mbona inawaka bluu?"

"Iache hiyo. Kuna jamaa anakuja kuichukua."

"Si umpe wewe?"

Method aliitazama mikono yake. "Unaujua mkono wangu, shemeji."

Aliujua. Ukoo mzima uliujua. Baada ya kesi ya ng'ombe wa wizi, Method alikula kiapo mbele ya wazee wa inchama, baraza la siri la Wakurya, kwamba mkono wake hautampa tena mtu wa ng'ambo kitu kisicho chake. Kiapo hicho kinaua, na Method alikiogopa kuliko polisi. Kwa hiyo hakutoa. Aliwasha taa tu, iwe alama kwa mpokeaji, kisha akatoka kwenda mgahawa wa jirani.

Wegesa alikaa kwenye kompyuta ya Method, akachomeka flashi yake.

"Mlima, hapa Bonde," alinong'ona kwenye kinasa sauti cha kolani. "Ndama nimemwona. Nimkamate mpokeaji hapa?"

Sauti ya Joel, mkuu wake, ilijibu sikioni. "Hapana. Akishikwa Bomani, bunduki za Natta zitatawanyika. Vijana wetu wanazizunguka. Mwache aondoke, ila asiondoke na ndama."

Basi ahamishe alama.

Taa zile hazina swichi. Ndani ya kabati mna rejista, vijisanduku vya tarakimu vinavyoamua taa ipi iwake na diski ipi ipate umeme. Moja, inawaka. Sifuri, inazima. Wegesa alifungua dirisha jeusi la amri, akaiita sg_ses, programu ya kuliamrisha kabati, akaandika amri ya kufuta taa ya saba.

Ikazima.

Ikawaka tena.

Akaisoma rejista. Moja. Akafuta. Sifuri. Akapepesa jicho. Moja.

Nje, pikipiki ilizima injini. Viatu vikapanda ngazi.

Method alikuwa ameacha amri nyingine kwenye kompyuta, inayoiwasha tena taa kila ikizimwa. Wegesa aliisaka kati ya kazi zinazoendelea, mstari kwa mstari, akaipata, akaiua. Saba, sifuri. Kumi na mbili, moja.

Mlango ukafunguka.

Waitara, dalali wa pembe, aliingia na mkoba mgongoni. "Na wewe ni nani?"

"Fundi. Kamera inaganda."

"Basi ganda hapo hapo, madam. Usigeuke."

Wegesa aliganda. Kwenye kioo cha kompyuta aliuona mkono ukipita mbele ya kabati. Ukapita saba. Ukasita.

Ukachomoa kumi na mbili.

Pikipiki ikanguruma kuelekea Sirari. Wegesa akachomoa ya saba, akaitia kifuani, ikiwa bado ya moto.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Kisha Joel: "Wa Natta wameshikwa, wote. Mpokeaji wako kashikwa Sirari, anatazama picha yake mwenyewe akipatana bei na Method."

"Magige?"

"Anaomba sigara."

Wegesa akavuta pumzi hadi tumboni.

Method alirudi na kikombe cha chai cha shemeji yake. Akayaona matundu mawili wazi, la saba na la kumi na mbili. Akaiona Glock mkononi mwa Wegesa.

"Mimi sikumpa mtu kitu," alisema polepole.

"Najua. Taa ndiyo iliyotoa."

"Kiapo kilikuwa cha mkono."

"Kawaulize wazee kama aliyeiwasha aliiwasha kwa mguu." Wegesa alitoa pingu. "Magige yumo kwenye doria ile."

Kikombe kilianguka. "Waliniambia ni faru tu. Wegesa, naapa..."

"Usiape tena, shemeji."

Akamfunga pingu mikono ile ile, akamkabidhi kwa vijana wa Idara waliokuwa wamewasili uani na Land Cruiser. Simu yake ikaita. Dada Rose.

"Wegesa, umemwona shemeji yako? Nimesonga ugali wa wawili, mje kabla haujapoa."

Alivaa miwani ya jua. Watu wa soko waliendelea kupatana bei.

"Nakuja, dada," alisema, akishuka barabarani bila haraka. "Nakuja peke yangu."