Namba Iliyoshonwa

Jioni ile fundi alitoka kwenda kuchukua namba yake ya mbio, akichechemea. Ilikuwa safari fupi tu, kutoka kwake hadi ukumbi wa shule, mwendo ambao siku zake nzuri angeumaliza kabla birika halijachemka. Siku hiyo ulimchukua karibu saa nzima. Kila alipopishana na mtu alinyoosha mgongo, akakanyaga vizuri, akatabasamu huku meno ameyauma. Mumewe angesikia kwamba mguu ni mbovu, habari ya mbio ingekwisha hapo hapo.

Na heri ingekwisha, jamani.

Alikuwa fundi cherehani, mama wa miaka arobaini na mbili, na hakuna aliyemtuma kukimbia. Mgongo ulimuuma kwa kukaa, daktari akamwambia atembee. Akatembea, akaona kutembea kunamchelewesha. Kufumba na kufumbua akawa ameshikwa na wazimu wa mbio za milimani, zile za kilomita themanini. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri, akapanda na kushuka ngazi za machimbo ya mawe mara ishirini, akarudi kuoga, akakaa kushona sare za shule mpaka jioni, kisha akatoka tena. Kucha za vidole gumba vya miguu zilikuwa zimeng'oka zote mbili. Majirani walimwita Sakafuni, kwa kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aliitika, akacheka nao, akaingia ndani akalia.

Alilia kwa sababu walisema kweli. Mwaka wa kwanza alitapika kwenye kilomita ya hamsini na mbili, penye kituo cha nne, akakaa chini asiinuke. Mwaka wa pili alifika kituo hicho hicho akiwa amechelewa dakika kumi na moja, akakuta kamba imeshakatisha njia. Mara zote mbili mumewe, dereva wa lori la mchanga, ndiye aliyemfuata. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alikuwa amechoka kumwokota mke wake milimani kama mzigo ulioanguka. Ile mara ya pili alisema akiwa ameshika usukani, bila kumtazama: "Mara ya tatu ndiyo mwisho. Usipomaliza, viatu navitupa mwenyewe." Fundi akakubali, tena kwa mdomo wake. Moyoni alijua kwamba bila zile mbio angebaki kiti na cherehani mpaka siku ya kufa.

Mwaka huo wa pili lilitokea na jambo jingine, ambalo hakumwambia mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa. Hata waliokuwa wakiondoa alama za njia walishampita, wakaenda kumngoja kituoni. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Lakini alisikia nyayo.

Tap… tap… tap…

Akisimama, zinasimama. Alipofika kwenye kamba alimwambia yule mwanamke wa huduma ya kwanza, naye hakucheka. Alimnong'oneza kwamba wa mwisho wote husema hivyo hivyo. Palikuwa na mkimbiaji mmoja zamani aliyepotelea kwenye korongo. Fulana ilipatikana, namba haikupatikana, mwenyewe hakupatikana. Mwanamke yule alitaka kuendelea kusimulia, akamwona karani wa mbio anakuja, akaanza kukunja blanketi.

Basi mwaka huu wa tatu fundi alijifua kuliko yote. Kisha wiki tatu kabla ya siku yenyewe, akishuka mteremko, mguu wa kushoto ukaingia shimoni, kifundo kikageuka. Alisikia *tak*. Kikavimba mpaka mfupa hauonekani. Alikifunga bendeji, akavaa magauni marefu, na mumewe alipouliza alimjibu kuwa ni uchovu.

Ukumbini karani, mwanamke wa miwani na maneno machache, alimpa namba yake: 308. Aliutazama mguu, akamtazama usoni.

"Namba haiazimwi," alisema. "Ukiona huwezi, irudishe hapa hapa."

Fundi akasema ameelewa. Kuelewa alielewa, ila sikio la kufa halisikii dawa.

Alirudi kwa njia ya nyuma, ile inayopita kando ya machimbo, ili asionwe na watu. Jua lilikuwa limeshazama. Mguu ukagoma, akakaa juu ya jiwe na ile namba mapajani. Alijua sasa kwamba kesho hafiki hata kilomita tano. Alilia bila kujificha, kamasi zikamtoka.

Ndipo aliposikia.

Tap… tss. Tap… tss.

Mtu anayekimbia huku akiburuta mguu mmoja. Wa kushoto.

Mara harufu ikatangulia, udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Kisha akatokea mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa fulana ya mbio isiyo na namba. Kifuani palikuwa na madoa manne ya kutu, mahali pini zilipowahi kukaa. Alisimama mbele ya fundi. Alikuwa ametoka kukimbia, na hakuwa anahema.

"Mguu umekataa," alisema yule mwanamke kwa sauti ya chini.

"Umekataa."

"Nipe namba. Nitakufikisha."

Msimcheke fundi. Kwa wale wakimbiaji wa nyuma, wasiogombea ushindi, kupeana namba ni siri ya wazi. Mtu akiumia, mwenzake hukimbia kwa jina lake, medali hurudi kwa mwenyewe, na makarani wengi hujifanya hawaoni. Fundi hakufikiria jini wala mzimu, alifikiria bahati. Pale pale akili yake ikashona mpango: kesho jioni atajificha kwenye vichaka karibu na mwisho wa njia, wabadilishane fulana, avuke mstari mwenyewe mbele ya mumewe. Nani angejua?

Akamnyooshea namba. Yule mwanamke hakuipokea.

"Pini hazikai kwangu," alisema. "Nishonee."

Fundi hatembei bila sindano na uzi. Alimwomba avue fulana, mwenzake akatikisa kichwa. Hapo fundi akasita. Bibi aliyemfundisha kazi alikuwa na sharti moja asilolifanyia mzaha: usishone nguo ikiwa mwilini mwa mtu. Alikuwa akisema kwamba ni mteja mmoja tu anayeshonewa akiwa ameshavaa, na huyo harudi kulalamika kwamba inabana.

Lakini giza lilikuwa linaingia, na kesho ilikuwa kesho. Akatunga uzi, akapiga magoti kwa tabu, akaanza kona ya kwanza.

Kona ya tatu sindano ilizama. Ilipita kitambaa, ikaingia kwenye kitu kizito, baridi, kisichotikisika. Fundi alizijua nyama za mtu, alishajichoma vidole miaka ishirini.

"Samahani, nimekuchoma?"

"Wapi?"

Akaichomoa sindano. Ilikuwa kavu.

Hata hivyo alimaliza. Ndiyo, alimaliza kona ya nne, maana fundi haachi kazi katikati. Yule mwanamke akaupapasa mshono kwa kiganja, akageuka, akaondoka mbio bila kuburuta mguu. Na fundi alipoinuka alikuta kifundo hakiumi hata kidogo. Alifika nyumbani amejaa furaha. Hakujiuliza kwa nini, zaidi ya maumivu kumtoka, hakuyasikia tena hata mawe aliyoyakanyaga.

*

Mumewe aliondoka na lori kabla hakujakucha, akaahidi kwamba saa kumi na moja jioni atakuwa kwenye mstari wa mwisho. Mbio zilianza saa kumi na moja alfajiri. Fundi alibaki kwenye chumba cha cherehani, madirisha yamefungwa, ameshika simu. Kila mkimbiaji akipita kituo, ujumbe hutumwa kwenye simu ya mwenye namba.

Saa moja na dakika kumi. *308 amepita kituo cha kwanza.*

Fundi akapiga kofi pajani. Kasi kama hiyo yeye hajawahi kuiota. Kitu kimoja tu kilimsumbua, nyayo zilikuwa baridi. Akavaa soksi.

Saa tatu. *308 amepita kituo cha pili.*

Baridi ikapanda hadi kwenye magoti. Alijikanda, akajifinya, akachukua sindano akajichoma mguuni.

Hakusikia kitu. Na sindano ilitoka kavu.

Saa tano. *308 amepita kituo cha tatu.* Akajaribu kuinuka na magoti hayakuwapo. Yalionekana, yaliguswa, lakini hayakuwa yake tena. Alianguka kati ya cherehani na meza ya kukatia, akajikokota kwa viwiko mpaka ukutani, akaegemea. Hapo sasa alielewa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu alikuwa ameshafika mlangoni.

Saa saba na robo alimpigia karani, aliyekuwa kituo cha nne, kwa namba ya simu iliyo kwenye ule ujumbe. Alisema yote kwa pupa: kwamba ameiazimisha namba yake, kwamba anayekimbia si yeye, wamzuie, wamvue ile fulana.

Karani akamkatiza.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye 308. Ulinipa namba jana kwa mkono wako."

"Mama, 308 yuko hapa mbele yangu anakunywa maji. Namtazama. Ni yeye."

"Siyo yeye. Mpe simu, tafadhali."

Kulikuwa na upepo. Vikombe viligongana. Kisha ikaja sauti, na fundi akashika mdomo wake, maana sauti ile ilikuwa yake, kama iliyotoka humo.

"Ulikuwa unaishia hapa," ilisema taratibu. "Mimi naendelea."

"Rudisha… nakuomba. Rudisha."

"Ulinishonea mwenyewe."

Simu ikakatika. Saa saba na nusu. *308 amepita kituo cha nne.* Baridi ikavuka kiuno.

Alimpigia mumewe mara sita. Mara ya sita alipokea, nyuma yake watu wakishangilia. Fundi alifungua mdomo amwambie, njoo, usimpokee, mimi niko nyumbani. Kilichotoka ni pumzi tu… hah… hah… hah… kama za mtu aliye mlimani.

"Halo?" alisema mumewe. "Nani huyo? Namba hii siijui. Kama ni mzaha, leo nina shughuli. Mke wangu yuko njiani."

Akakata. Alisema *mke wangu* kwa majivuno, jambo ambalo fundi hakuwa amelisikia tangu kamba ya mwaka jana, na hilo lilimuuma kuliko baridi.

Ujumbe wa mwisho uliingia saa kumi na mbili na dakika ishirini. *308 amemaliza. Hongera.* Simu ikamtoka mkononi. Vidole havikuweza tena kuiokota.

Lori lilifika giza likianza kushika. Milango ikafungwa, mmoja, wa pili. Alisikia majirani wakipiga vigelegele, na mtu mmoja akisema kwamba kuanzia leo jina la Sakafuni limefutwa. Alisikia hatua zikiingia sebuleni, na alizijua, ni zake, jinsi anavyokanyaga kisigino kwanza. Chini ya mlango ikapenya harufu ya udongo mbichi.

Mumewe akaingia chumba cha cherehani, akawasha taa. Fundi alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, hatua mbili kutoka kwake. Mwanamume akatazama pale alipo fundi. Akatazama vizuri, kama mtu aliyesahau alichokifuata. Akairuka miguu ya fundi bila kuiangalia, akachukua beseni lililokuwa kando ya bega la fundi, la kumkandia miguu yule wa sebuleni kwa maji ya chumvi.

"Huku mbona pana baridi?" alijisemea.

Mlangoni akasita. Alizungumza akiwa amegeukia sebuleni, mgongo wake ukiwa upande wa fundi.

"Miaka mitatu nimekucheka. Nisamehe, mke wangu. Sikuzuii tena. Kimbia mpaka uchoke mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno fundi aliyoyakimbilia. Kwa ajili ya maneno hayo alipanda zile ngazi, kwa ajili yake alificha mguu, kwa ajili yake alishona kona nne. Aliyasikia yote, neno kwa neno. Alitaka kulia, akakuta machozi nayo yamekwenda.

"Nimesikia, mume wangu," ilijibu sauti yake kutoka sebuleni. "Zima taa, uje."

Akazima taa, akauvuta mlango ukajifunga.