Walimvisha Begi Badala ya Kuita Ambulensi

"Lete simu, Reece. Usinilazimishe nikuvunje mkono."

Aliyesema hivyo ni Whitaker, mwenyekiti wa chama chetu cha udugu, cha wanafunzi wa kiume, hapa chuoni. Kaka yangu wa kiapo! Na miguuni pake kulikuwa na kijana amezimia, midomo ya bluu...

Mnaosoma, pole zenu sizitaki. Sikilizeni tu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kabla ya mechi. Nyumba ya chama imejaa, nyama inachomwa uani. Kila kuruta anayeomba kuingia chamani kapewa chupa nzima ya wiski na "kaka mkubwa" wake, yaani mwanachama aliyepangiwa kumlea. Mila, eti. Ukiimaliza, umekuwa mtu.

Mimi ndiye nilikuwa mkuu wa usalama. Chupa hizo nilishazipiga marufuku kikaoni, na wote walinyoosha mikono kukubali. Wanafiki wakubwa.

Kuruta Colby alimaliza yake. Wakampandisha ghorofani, wakamvisha begi lililojaa vitabu mgongoni ili asilale chali akapaliwa na matapishi. Kisha wakarudi kunywa. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya nyumba yetu.

Nilipanda kumwangalia, nikamkuta mwili umepoa, pumzi inakuja na kupotea. Nikatoa simu, ndipo Whitaker akaingia.

"Ukiita ambulensi, makao makuu ya chama watatufungia tawi hili."

"Huyu atakufa."

"Amelala tu, Mama Usalama. Sote tulilala hivyo."

"Mwangalie midomo basi!"

"Baba yangu kaishi nyumba hii. Babu pia. Wewe ni nani uifunge?"

Akaninyang'anya simu, akanisukumia koridoni, akafunga mlango kwa ndani.

Koridoni kulikuwa na kengele ya moto. Nikaivuta.

Zimamoto walifika, wakafungua mlango, wakamkuta bado anapumua. Daktari alisema angekaa pale kidogo tu zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine.

Chuo kikaitisha kikao. Kaka zangu wote wakawa mabubu, hakuna aliyeona chochote. Sikujali, shahidi wangu alikuwa Colby mwenyewe.

Akaingia na tai shingoni. Hakuniangalia...

"Pombe ulipewa na nani?" akaulizwa.

"Nilikuja nayo kutoka nyumbani."

"Whitaker alizuia msaada usiitwe?"

"Hapana. Alikuwa ananihudumia. Reece alivuta kengele kutuharibia siku, ana chuki na Whitaker."

Nikasimama.

"Colby, ulikuwa umezimia. Hayo umeyajuaje?"

Akanijibu taratibu, bila aibu.

"Kaka zangu wameniambia."

Chuo kikakosa ushahidi, kesi ikafutwa. Chama kikanifukuza kwa kengele ya uongo. Colby akala kiapo cha uanachama, na cheo changu cha usalama wakampa yeye.

Mnanidai somo? Ukimkuta mtu hapumui vizuri, ita msaada, hata kama wenzako watakutema. Usisubiri asante. Mimi nilitemwa na yule yule niliyemwokoa, namchukia kutoka moyoni, na leo nikimkuta tena sakafuni, kengele nitaivuta.